Panzi Machoni mwa Nani? Woga, Mtazamo na Imani katika Kisa cha Wapelelezi wa Torati

Utangulizi

Wahenga walituachia kauli kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Wengi wetu huichukua methali hii kuwa haina mjadala. Hata hivyo, kipo kisa katika Torati ambacho huitia methali hiyo majaribuni. Watu kumi na wawili wanatumwa kuitazama nchi. Kumi kati yao wanarudi na kueleza, kwa kiasi kikubwa, yale waliyoyaona. Kwa sababu ya taarifa hiyo, wao wenyewe wanakufa kwa pigo na kizazi kizima kinahukumiwa kumalizikia jangwani. Ikiwa walisema kweli, kosa lao lilikuwa lipi? Na ikiwa kosa lao lilikuwa kuogopa tu, je, ni haki mtu kuadhibiwa kwa hisia ambayo hakuichagua?

Makala haya yananuia kuyachunguza maswali hayo mawili. Hatukusudii kuhubiri, kazi hiyo ina wenyewe. Tunakiendea kisa hiki kama wahakiki wa fasihi, na tuna sababu ya kufanya hivyo. Kilele cha kisa ni tashbihi, na kosa linaloshutumiwa ndani yake ni kosa la mtazamo. Kwa maneno mengine, zana ambazo sisi huzitumia darasani kila juma, yaani nafsi ya usimulizi, uteuzi wa msamiati na upeo wa kujua wa mhusika, ndizo zinazotufikisha kwenye kiini cha suala lenyewe la kimaadili.

Kisa kwa muhtasari

Kisa kinapatikana katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 13 na ya 14, na husomwa kila mwaka katika masinagogi katika fungu liitwalo Shelach Lecha. Wana wa Israeli wamepiga kambi katika jangwa la Parani. Musa anateua mkuu mmoja kutoka kila kabila, akiwemo Kalebu wa Yuda na Hoshea wa Efraimu, ambaye Musa anampa jina la Yoshua. Anawapa maswali mahususi: watu wa nchi ile ni hodari au dhaifu, ni wengi au wachache, miji yao ni kambi au ni ngome, udongo una rutuba au hauna, miti ipo au haipo. Aidha, anawataka wajitahidi kuleta matunda, kwa kuwa ulikuwa msimu wa zabibu kuanza kuiva.

Wanazunguka kwa siku 40. Katika bonde la Eshkoli wanakata kichala kimoja cha zabibu ambacho kinabidi kubebwa na watu wawili kwa mti, pamoja na makomamanga na tini. Wanaporudi, wanakiri kwamba nchi imejaa maziwa na asali, na matunda wanayaonyesha. Kisha wanaeleza kwamba wakazi wake wana nguvu, miji ina maboma, na wana wa Anaki, majitu, wanaishi humo. Kalebu anawanyamazisha watu na kusema kwamba wapande, kwani wanaweza. Wenzake wanamkanusha. Usiku ule kambi nzima inalia. Watu wanazungumzia kumteua kiongozi wa kuwarudisha Misri. Hukumu inatolewa: mwaka mmoja kwa kila siku ya upelelezi, na waliotimia umri wa miaka 20 na kuendelea hawataiona nchi, isipokuwa Kalebu na Yoshua.

Kweli na neno moja dogo

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba Kalebu hapingi hata hoja moja ya wenzake kuhusu hali ya mambo. Hasemi kwamba maboma ni mafupi. Hasemi kwamba majitu ni hadithi. Wote wamepita njia ile ile na kuona miji ile ile. Tofauti baina yao haimo katika data, kama wasemavyo wanasayansi, bali katika hitimisho.

Isitoshe, wapelelezi waliulizwa juu ya nguvu za wakazi. Kujibu kulikuwa wajibu wao. Swali hili liliwashughulisha sana wafasiri wa Kiyahudi. Nachmanides, mwanachuoni aliyezaliwa Hispania mwaka 1194, aliliona kosa katika neno moja dogo la Kiebrania, yaani 'efes'. Ndilo linalounganisha sifa za nchi na habari za wakazi wake, na katika Kiswahili tungeliweka kama 'ila' au 'isipokuwa'. Lakini 'efes' ni zito kuliko 'ila' yetu. Lina harufu ya kukoma, ya kitu kilichokwisha na kisichowezekana. Kwa neno hilo, shahidi ameacha kutoa ushahidi na ameanza kutoa hukumu. Aliulizwa: nchi ikoje? Akajibu swali ambalo hakuulizwa: je, tutaweza?

Jambo la pili ni mwendo wa taarifa yenyewe. Katika kauli ya kwanza, majitu ni sehemu tu ya wakazi. Baada ya Kalebu kupinga, taarifa inabadilika: sasa watu wote walioonekana ni warefu kupita kiasi, na nchi iliyokuwa ya maziwa na asali imekuwa nchi inayowala wakazi wake. Msomaji makini hana budi kujiuliza: nchi inayowala watu wake imewezaje kuwa na watu wengi, wenye siha na wakubwa kiasi hicho? Ukinzani huu si udhaifu wa matini. Ni uhodari wake. Matini inatuonyesha jinsi woga unavyofanya kazi. Woga hauanzi kwa kusema uongo. Huanza kwa kweli, na ukipingwa, hutafuta ushahidi zaidi. Na usipoupata, huutengeneza.

Rashi, mfasiri wa Troyes huko Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, akifuata Talmudi, anaifafanua kauli ya nchi kula watu kwa namna ya kuvutia. Anasema kwamba kila walikopita wapelelezi waliwakuta wenyeji wakizika wafu wao. Wao wakaona ishara ya nchi yenye balaa. Kumbe mazishi yale yaliletwa ili wenyeji washughulike na misiba yao na wasiwatambue wageni. Iwe tunaiamini tafsiri hii au la, inatufunza jambo: tukio lilelile lililowalinda ndilo waliloliripoti kama tishio.

Panzi na upeo wa kujua

Sasa tuifikie tashbihi. Wapelelezi wanahitimisha kwa kusema kwamba walijiona kama panzi, na kwamba hivyo ndivyo walivyoonekana na majitu yale. Ni kauli yenye sehemu mbili, na wahakiki wa kale waliitenganisha kwa wembe mkali. Katika Talmudi ya Babeli, katika sehemu ya Sota, mwanachuoni mmoja anawaita wapelelezi waongo kwa sababu ya sehemu ya pili. Kwamba walijiona kama panzi, hilo ni lao. Lakini walijuaje walivyoonekana machoni mwa wengine? Midrashi Tanhuma inaliendeleza wazo hilo kwa kumfanya Mungu mwenyewe aulize swali: kujiona panzi kunasameheka, lakini nani aliwaambia kwamba sikuwafanya muonekane machoni mwao kama malaika?

Kwa istilahi zetu, hawa ni wahusika waliojitwalia uwezo wa msimulizi mjuzi wa yote. Mhusika ana haki ya kusimulia yaliyomo nafsini mwake. Yaliyomo katika nafsi ya mwingine hana njia ya kuyafikia ila kwa kuuliza, kusikiliza au kukisia. Na akikisia, uaminifu unamtaka aseme kwamba anakisia. Wapelelezi hawakuwauliza majitu neno lolote. Walichukua picha waliyokuwa nayo juu yao wenyewe, wakaiweka katika macho ya wengine, kisha wakairipoti kama kitu walichokiona.

Ni haki kueleza kwamba Talmudi haimwachii mshtaki neno la mwisho. Inatoa utetezi kwamba wapelelezi walikuwa wamejificha juu ya miti na kuwasikia wenyeji wakisema kwamba wanaona watu mfano wa panzi mitini. Tunaupenda utetezi huu kwa sababu unakubali kanuni ileile ya mshtaki: dai kuhusu mtazamo wa mwingine halina budi kuwa na chanzo.

Lakini matini ya Biblia ina jibu lake, na jibu hilo linachelewa kwa takriban miaka 40. Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 2, wapelelezi wawili wanaingia Yeriko na kufichwa na mwanamke aitwaye Rahabu. Yeye, mwenyeji wa nchi, ndiye wa kwanza kutueleza yaliyokuwa mioyoni mwa wenyeji. Anasema kwamba tangu waliposikia jinsi Bahari ya Shamu ilivyokaushwa, na jinsi wafalme Sihoni na Ogu walivyoangamizwa, mioyo yao iliyeyuka. Ni kweli kwamba ushindi dhidi ya Sihoni na Ogu ulikuja baadaye. Lakini habari za bahari zilikuwa zimekwisha tokea kabla ya wale kumi na wawili kupanda kwenda Hebroni. Yamkini, basi, siku ile panzi walipokuwa wakiyaogopa majitu, majitu nayo yalikuwa yakiwaogopa panzi. Kinaya hiki ni kikubwa, na waliopanga masomo ya sinagogi walikitambua: sura hiyo ya Yoshua ndiyo isomwayo pamoja na kisa cha wapelelezi.

Pingamizi: je, woga ni dhambi?

Msomaji anaweza kutupinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Hekima yetu wenyewe haimdharau mwoga. Tunasema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Tunasema pia kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Watu hawa walikuwa watumwa juzi tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Je, tumlaumu kwa kushtuka?

Maimonides, aliyeandika Mwongozo wa Waliotatizika kwa Kiarabu karne ya 12, anaelekea kukubaliana na pingamizi hili. Katika kitabu hicho anaeleza kwamba haiwezekani, kwa maumbile ya binadamu, mtu aliyelelewa katika utumwa wa udongo na matofali aoshe mikono yake leo na kesho apigane na wana wa Anaki. Kwa mtazamo huu, miaka 40 ya jangwani ni ya malezi. Ilihitajika kizazi ambacho hakikuzoea kunyenyekea mbele ya mwenye kiboko.

Matini nayo inaunga mkono usomaji wa tahadhari. Baada ya hukumu, watu wanajuta, wanaamka alfajiri na kupanda mlimani kwa ujasiri, ingawa Musa amewakataza na sanduku la agano limebaki kambini. Wanapigwa na Waamaleki na Wakanaani hadi Horma. Tukio hili husahauliwa na wale wanaokifanya kisa kizima kuwa sifa kwa ujasiri. Waliokuwa waoga jana ni majasiri leo, na wamekosea siku zote mbili. Basi kisa hakisemi kwamba woga ni uovu na ujasiri ni wema.

Shutuma yenyewe, tukiisoma kwa makini, imo katika sura ya 14. Mungu analalamika kwamba watu hawamwamini licha ya ishara zote alizozitenda kati yao. Kosa si kuona majitu, wala si moyo kudunda. Kosa ni kuyahesabu majitu na kuiacha bahari nje ya hesabu. Wapelelezi walikuwa na ushahidi wa aina mbili: ule wa siku 40 na ule wa safari nzima tangu Misri. Walitoa taarifa kamili juu ya wa kwanza na wakaunyamazia wa pili. Kweli iliyokatwa nusu, tena na mtu aliyekuwapo na kushuhudia nusu zote mbili, haiwezi kuitwa kweli. Hapo ndipo methali tuliyoanza nayo inaposalimika: msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ila awe ameisema yote.

Zabibu mezani pangu

Itatubidi hapa tutoke katika nafsi ya wingi, kwa kuwa nisemalo sasa ni langu pekee. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja aliniletea mswada wa riwaya aliouandika kwa mkono. Alitaka kujua kama aupeleke kwa mchapishaji. Nilimweleza hali ilivyo. Nilimwambia kwamba riwaya ya Kiswahili isipoteuliwa kutahiniwa shuleni hupata wanunuzi haba. Kwamba wachapishaji hutegemea vitabu vya kiada. Kwamba miswada mingi hurudishwa au hukaa kabatini bila jibu. Kila neno lilikuwa kweli. Alinishukuru, akauchukua mswada wake, akaenda.

Tulikutana tena baada ya muda mrefu. Alikuwa mwalimu wa shule ya upili na hakuwa ameandika tena. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulikuwa umeusoma?" Nilikuwa nimesoma kurasa nne. Zabibu zilikuwa mezani pangu na sikuzionja; nilitoa taarifa juu ya maboma tu. Tena sikuwa nimemwambia kwamba mwaka uleule mswada wangu mwenyewe ulikuwa umekataliwa, na kwamba macho niliyomtazamia yeye yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. Nilijiona panzi, nikamkabidhi yeye upanzi wangu kama habari za soko la vitabu.

Silisimulii hili ili nijitese hadharani. Nalisimulia kwa sababu tuna kazi inayotufanya wapelelezi kila siku. Mzazi anapomweleza mwanawe juu ya mji, mwalimu anapomweleza mwanafunzi juu ya taaluma, mkubwa anapomweleza mdogo juu ya ndoa, huyo anayesikiliza hajaiona nchi. Anayo macho yetu tu. Wana wa Israeli walisema kwamba watoto wao watakuwa mateka katika nchi ile. Watoto haohao ndio walioingia. Mara nyingi tunawatanguliza wadogo kama sababu ya woga wetu, ilhali woga ni wetu na nchi ni yao.

Kuogopa na kucha

Kiswahili kina utajiri ambao unaweza kutusaidia hapa. Tunatofautisha kuogopa na kucha. Mtu huogopa simba, lakini humcha Mungu. Na kicho si woga uliozidi, bali ni hali ya mtu kujua ukubwa wa kilicho kikubwa kweli. Anayemcha Mungu hajakoma kuona majitu. Amepata kipimo cha kuyapimia.

Korani inakisimulia kisa hiki pia, katika Surat al-Maida, aya ya 20 hadi 26, na wasomaji wetu wa pwani watakuwa wamekwisha kukikumbuka. Humo kaumu ya Musa inakataa kuingia kwa hoja kwamba mna watu majabari, na nchi inaharimishwa kwao kwa miaka 40. Wanaowahimiza waingie ni watu wawili wasiotajwa kwa majina, ambao wafasiri wengi huwatambua kuwa ni Yoshua na Kalebu. Korani inawaeleza kuwa ni miongoni mwa wale wachao. Ni ajabu ya kuzingatiwa: wasioogopa wanatambulishwa kwa kicho chao.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 14, kinalithibitisha hilo. Mwanzoni mwa tukio la bahari, watu wanainua macho, wanawaona Wamisri, wanaogopa. Mwishoni, watu walewale wanauona mkono mkuu wa Mungu, wanamcha, wanaamini. Vitenzi ni vilevile, cha kuona na cha kuogopa, ambavyo katika Kiebrania vinakaribiana sana kwa sauti. Kilichobadilika ni kinachoonwa. Na hapo kitenzi cha tatu, kuamini, kinapata nafasi. Hali kadhalika, mzizi wa kuamini katika Kiebrania ni ndugu wa ule wa Kiarabu uliotupa imani, amana na uaminifu. Basi imani si ubashiri kwamba tutashinda. Ni uaminifu kwa amana tuliyokwisha kupewa, yaani kutoyaficha mema tuliyoyashuhudia tunapokabiliwa na mabaya tunayoyaona.

Hitimisho

Fungu la Shelach Lecha linaisha kwa amri inayoonekana kuwa ndogo baada ya maafa makubwa: watu wafunge vishada katika pindo za nguo zao, na uzi wa rangi ya samawati ndani yake, ili wavitazame, wakumbuke, na wasitangetange kwa kufuata mioyo na macho yao. Kitenzi kinachotumika hapo kwa kutangatanga ni 'tur', kilekile kinachorudiwarudiwa katika kisa kwa maana ya kupeleleza nchi. Mtunzi amefunga duara. Macho hayana pazia. Hayawezi kukatazwa kuona. Hukumbushwa tu kwamba yapo mengine yaliyokwisha kuonwa. Na tazama namna ya ukumbusho wenyewe: si muujiza mwingine, bali ni uzi katika vazi la kila siku, ambao mtu huushika akienda sokoni au shambani.

Tumejaribu kuonyesha kwamba wapelelezi hawakuhukumiwa kwa kuogopa, bali kwa kuugeuza woga wao kuwa ujuzi juu ya wengine na kuunyamazia ushahidi walioushuhudia. Mhakiki wa fasihi anajua hatari hiyo kuliko wengi, kwa maana kazi yake ni kuuliza swali la zamani la kila masimulizi: nani anaona, na amejuaje? Tukijifunza kulielekeza swali hilo kwetu wenyewe kabla hatujawapa wengine taarifa juu ya nchi wasiyoiona, tutakuwa tumefaidika na kisa hiki. Nami, tangu siku ile, mswada ukiletwa mezani pangu huusoma hadi ukurasa wa mwisho kabla sijatamka neno lolote juu ya maboma.